Acheni Kumpangia Mungu Tarehe

Ukitembea katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huku Turkana, kuanzia Kakuma 1 hadi Kalobeyei, utakutana na andiko moja la Biblia mara nyingi kuliko mengine. Limechorwa kwenye kuta za udongo za makanisa, limebandikwa nyuma ya bodaboda, limeandikwa kwa chaki juu ya milango ya vinyozi: Yeremia 29:11. Ndipo Mungu anapowaambia watu wake kwamba anawawazia mema na kwamba kesho yao ipo. Sina ugomvi na mstari huo. Nimeufundisha mimi mwenyewe, kama mwalimu wa shule ya msingi kambini na kama katekista wa kigango chetu. Ugomvi wangu ni na jinsi unavyohubiriwa siku hizi, kana kwamba Yeremia alikuwa akitangaza siku ya ndege ya kuwahamishia wakimbizi ng'ambo.

Maneno hayo yamo ndani ya barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, ikapelekwa Babeli kwa watu waliong'olewa makwao na Nebukadreza na wasiojua watarudi lini. Kabla ya mstari wa 11 kuna wa 10, nao unataja miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua hiyo ikisomwa alijua papo hapo kwamba yeye binafsi hatarudi. Na juu ya hapo, kuanzia mstari wa 5, kuna maagizo: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle mazao yake, ozesheni watoto wenu, uombeeni mema mji mliopelekwa. Hayo nayo ni jibu la maombi, tena ndilo lililotangulia. Bado sijaona bodaboda iliyoyabandika.

Rudi sura moja nyuma, kwenye ya 28, ambayo wahubiri wetu huiruka. Nabii mwingine, Hanania mwana wa Azuri, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudishwa: vyombo vya hekalu, mfalme, na mateka wote. Akaichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja watu wakiona. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Yeremia alianza kwa kuitikia Amina. Alitamani sana iwe kama Hanania alivyosema, maana hakuwa mtu wa kufurahia uhamisho wa ndugu zake. Ila akamkumbusha kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana ni wa kweli siku neno lake linapotimia. Baadaye Yeremia alimrudia Hanania na neno zito zaidi, kwamba amewafanya watu hawa waegemee uongo. Hanania akafa mwaka huohuo, mwezi wa saba. Waliomwamini wakabaki na hesabu ya miaka miwili mikononi.

Sisi tunao akina Hanania wetu.

Mwishoni mwa 2024 mhubiri mmoja, ambaye sitamtaja, aliandaa mkesha kambini. Waumini waliambiwa waandike namba za kesi zao za kuhamia Marekani kwenye karatasi, wazitie ndani ya bahasha pamoja na sadaka ya mbegu, kisha akatangaza kwa kipaza sauti kwamba Januari ni mwezi wa kupaa. Watu waliokosa chakula cha jioni walitoa shilingi 200, wengine 500. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, mzazi wa mwanafunzi wangu, alikuwa hapo. Kesi yake ilikuwa imefika mbali kweli: intavyu zote alikuwa amemaliza, medikali amepita, na alishaambiwa ajiandae kusafiri. Kwa hiyo alipousikia unabii aliona umeshuka kutimiza kilichokwisha kuanza. Akauza kitanda na taa ya sola. Masufuria akamgawia jirani yake Mrundi. Akabaki na mkeka, jiko la udongo na begi moja lililofungwa, limekaa mlangoni.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi. Kabla wiki haijaisha safari zilikuwa zimeanza kufutwa, hata za watu waliokuwa na tiketi. Kakuma habari hiyo ilifika kwa simu, kwa minong'ono, kwa watu kurudi nyumbani na mabegi yao. Na mhubiri wetu? Alirudi madhabahuni akasema mlango umefungwa kwa sababu katikati ya waombaji wapo wenye imani haba na wenye dhambi iliyofichwa.

Siku chache baadaye binti wa yule mama alibaki darasani wenzake walipotoka kwenda kunywa uji. Yuko Gredi ya 6, mtoto mkimya, mwandiko wake mzuri. Alikuwa akikwangua dawati kwa ukucha, pale rangi ilipokuwa imebanduka. Nikamwuliza kulikoni, mwanangu. Akasema bila kuniangalia, "Mwalimu, mama alimkosea Mungu nini?"

Sikumpa mtoto yule hotuba. Nilikaa kwenye dawati la mbele nikamsimulia habari za Gethsemane, jinsi Yesu alivyoomba kikombe kile kimwondokee, akarudia, akarudia tena mara ya tatu, na kikombe hakikuondolewa. Nikamwuliza kama Yesu alikuwa na dhambi iliyofichwa. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama imani yake ilikuwa haba. Akatikisa tena. Nikamwambia basi aende akamwambie mama hivyo hivyo.

Wanaohubiri kwamba ombi likichelewa kosa ni la mwombaji wanapaswa kumpita Bwana wao bustanini wakiwa njiani kwenda kwenye hitimisho hilo. Wanapaswa kumpita Paulo pia, aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini akaachwa nao. Wanapaswa kuufunga Waraka kwa Waebrania kabla ya kufika mwisho wa sura ya 11, ambako mashujaa wa imani wanasifiwa mmoja mmoja na kisha tunaambiwa wazi kwamba hawa wote hawakukipokea kilichoahidiwa. Sijui unawezaje kulisoma hilo Jumapili asubuhi na jioni ukamwambia mama wa Uvira kwamba imani yake ndiyo iliyomkwamisha.

Nilikwenda kumwona. Alinikaribisha mkekani, akanipa maji. Nilitarajia hasira juu ya Mungu, na ningeielewa. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Mwalimu, miye Mungu sijamukatala. Ile tarehe tu ndiyo nimekatala."

Wapo watakaonijibu kwa jina la Lopez Lomong, na ni haki yao, kwa sababu habari zake ni za kweli na ni za Kakuma. Lomong alitekwa na wanamgambo huko Sudan Kusini akiwa na miaka 6, siku ya Jumapili, akiwa kanisani na wazazi wake. Akatoroka pamoja na wavulana wengine, akafika kwetu, akaishi kambini miaka 10. Mwaka 2000 aliitazama Olimpiki ya Sydney kwenye televisheni ya picha nyeusi na nyeupe na kuamua kwamba atakuwa mkimbiaji. Mwaka 2001 akapata familia ya kumlea jimboni New York. Mwaka 2008 ndiye aliyebeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Kwao walikuwa wamekwisha kumwomboleza kama marehemu, kumbe yu hai. Ukitaka mfano wa Mungu kujibu, huo hapo, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini Lomong alikuwa mmoja wa vijana wapatao 3,800 waliochukuliwa na Marekani katika mpango ulioanza mwishoni mwa 2000. Walikuwa sehemu ya kundi la watoto waliofika Kakuma mwaka 1992, wengi wakiwa wamekimbia Sudan hadi Ethiopia na kufukuzwa tena huko baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991. Ndipo likaja shambulio la Septemba 11, 2001, na safari zikasimama ghafla. Waliobaki walikuwa wamelala kwenye vibanda vilevile, wameimba kwaya ileile, wamefunga na kuomba Kwaresima ileile. Faili moja lilifika mezani mapema, jingine likachelewa. Mhubiri anayelitumia jina la Lomong kuthibitisha nguvu ya imani ana deni la kutueleza habari za aliyelala pembeni yake.

Hapa nataka kuzungumza kama Mturkana, maana mtu anaweza kudhani jambo hili ni la wageni tu. Sisi ni watu wa kuomba mvua tangu kabla ya msalaba kufika. Wamisionari wa Mtakatifu Patrick waliingia Turkana mwaka 1961 wakati wa njaa kali, na Lodwar ikawa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 1978. Walitukuta tayari tunamjua Akuj, yaani Mungu, na tayari tunajua kusimama na mzee akiongoza, sote tukiitikia kwa pamoja kila anapotaja maji, majani na mifugo. Siku hizi kuna sanamu ya Kristo aliyenyoosha mikono kwenye kilima juu ya mji wa Lodwar. Nikiitazama kutoka sokoni nakumbuka wazee wale, ambao nao huinua mikono wanapoomba.

Mama yangu anaishi upande wa Lorugum. Huvaa rozari ya plastiki katikati ya shanga zake za shingoni, na ukimwuliza ipi ni ipi anakushangaa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Mwaka 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na ya mama ilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Nilikuwa nikienda kumwona shule zikifungwa, namkuta laga, mtoni kukiwa mchanga mtupu, pamoja na wanawake wenzake wakichimba kisima.

Kwa asiyewahi kuona: unachimba mchanga kwa mikono na bakuli mpaka shimo linapita urefu wa mtu. Ukame ukizidi, linafika watu wawili, watatu kwenda chini. Kuta za shimo zinaweza kuporomoka wakati wowote, kwa hiyo anayeshuka huwa mwembamba na mwepesi, na walioko juu hawaachi kumwongelesha. Chini kabisa mchanga unabadilika rangi, unakuwa mweusi. Unaacha kuchimba, unangoja. Maji yanachuruzika taratibu kutoka pembeni, unayateka kwa kikombe, kikombe kinapokezanwa kwa mikono hadi juu, kinamiminwa ndani ya mtungi, kinarudi. Mtungi mmoja unaweza kula asubuhi nzima. Wakati huo wote mama na wenzake waliimba na kusali. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akitaja siku ambayo mvua ingenyesha. Waliitaka kwa nguvu zote, waliililia kwa sauti, walimlalamikia Mungu maneno ambayo padre angeshtuka kuyasikia, na mikono ilikuwa kazini.

Februari 14, 2023, Rais Ruto aliongoza maombi ya taifa ya kuomba mvua mjini Nakuru. Mwezi wa tatu mvua ikanyesha. Wengi walisema Mungu amejibu, na mimi sina sababu ya kukataa. Ila mama alikuwa ameanza kuomba zaidi ya miaka miwili nyuma, na mvua ilipofika zizi lake lilikuwa tupu. Majani yakaota, wa kuyala hakuna. Nilimwuliza anamshukuru Mungu kwa lipi. Alinijibu kwamba anamshukuru kwa mvua na anamdai mbuzi. Yote mawili aliyasema kwa sala moja, jioni, nikimsikia. Nadhani ile ndiyo imani iliyokomaa kuliko zote nilizowahi kukutana nazo, na nimesomea dini.

Subira ya namna hiyo haina uhusiano na kunyamaza, na hapa nina neno kwa wanaotumia maandiko kuwatuliza wenye njaa. Katikati ya 2025 mgao wa chakula Kakuma ulishushwa hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini ambacho mtu anahitaji. Agosti watu wakagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na wapo waliotolewa kabisa kwenye mgao. Kambini kukawa na maandamano mwaka huo. Nimesikia viongozi wa dini wakiwaambia akina mama wasubiri kwa utulivu, Mungu ataleta. Mfano ambao Yesu mwenyewe aliutoa ili kufundisha watu wasikate tamaa katika kuomba, ule wa Luka 18, ni wa mjane anayemwendea hakimu mbaya tena na tena mpaka hakimu anachoka. Mjane yule hakukaa nyumbani. Kumsubiri Mungu na kuzisumbua ofisi ni mambo yanayokaa pamoja ndani ya mtu mmoja, na Kanisa linalowafundisha maskini lile la kwanza tu limewanyang'anya nusu ya mfano.

Vilevile agizo la Yeremia la kuuombea mema mji wa ugenini linatuhusu sisi wenyeji. Tumekaa na wageni hawa tangu 1992. Watoto waliozaliwa kambini mwaka ule sasa ni wazazi. Tumegombana nao juu ya kuni na mbuzi, tumewauzia makaa, tumesoma nao darasa moja, tumeoana nao. Kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida ambamo mwenyeji na mgeni wanatumia shule, hospitali na soko moja. Mturkana ana haki ya kuuliza atapata nini, kwa sababu ameahidiwa mengi. Tulitangaziwa mafuta ya Lokichar mwaka 2012. Tukatangaziwa bahari ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi mwaka 2013, na yalipopimwa yakakutwa na chumvi. Sisi nasi tumekuwa na akina Hanania wa suti. Kwa hiyo tunaelewana na jirani zetu wa kambini kuliko tunavyokiri. Wao wanangoja faili, sisi tunangoja bomba, na Jumapili tunapiga magoti kwenye vumbi moja.

Mkesha wa Krismasi 2024, Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu huko Vatikani na kuuanza Mwaka wa Jubilei ya Matumaini. Mwezi mmoja baadaye milango ya ndege ilifungwa. Mwaka mzima niliwafundisha wakatekumeni neno tumaini mbele ya watu ambao mabegi yao yalikuwa yamefungwa na kufunguliwa. Hapo ndipo kigango chetu kilipoamua kubadili namna ya kusali kwa ajili ya safari. Kila Alhamisi, baada ya rozari, anayetaka anasimama na kueleza kesi yake imefika wapi, au kwamba haijasogea. Mwenye barua ya Kiingereza anasomewa na kuelezwa. Asiye na chakula anatajwa, na Jumapili kapu linapitishwa. Kisha tunamwombea kwa jina. Ni marufuku kutaja tarehe. Ni marufuku pia kumwuliza mtu amefanya dhambi gani.

Mama wa Uvira huja. Kitanda hakikurudi, ila ana magunia manne ya lengalenga na sukuma wiki nyuma ya nyumba, anayanyweshea maji aliyooshea vyombo, na jioni humtuma binti yake kuuza fungu moja moja. Kesi yake bado imesimama. Anaiombea kila Alhamisi kwa sauti kubwa, na anataka iondoke. Bustani haijampunguzia hamu hiyo hata kidogo.

Kwa wahubiri wenzangu wa Kakuma, Lodwar na kwingineko, wa kanisa lolote lile, nina ombi moja linaloweza kutekelezeka Jumapili ijayo. Aliyewahi kutangaza mwezi wa kupaa, na mwezi huo ukapita, arudi kwenye kipaza sauti kilekile, mbele ya watu walewale, aseme kwamba Mungu hakumtuma kutaja mwezi ule. Na kama bahasha bado zipo, azirudishe. Shilingi 200 ni unga wa siku mbili.